Mshenga wa Benki

Siku Mujuni alipomwona Datius Rugaibula kwa mara ya kwanza, Datius alikuwa anakula senene wa watu. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1950, siku ya gulio la Nshamba, na wanawake walikuwa wamepanga vikapu kando ya barabara, senene, panzi wale wa msimu wa mvua, wamekaangwa wakakauka vizuri. Datius alianzia kikapu cha kwanza. Alichota kwa vidole vitatu, akatupia mdomoni, akatafuna huku amefumba macho kama mtu anayesali, kisha akasema, "Hawa chumvi haijakolea." Akaenda kikapu cha pili. Hao walikuwa wameungua. Wa tatu walikuwa na mabawa. Alipofika kikapu cha saba, mafuta yalikuwa yanang'aa mpaka kidevuni, na hakuwa ametia mkono katika mfuko wa suruali hata mara moja.

Mwenye kikapu cha nane, mama mmoja aliyeitwa Kokugonza, alikifunika kwa jani la mgomba kabla hajafikiwa.

"Wewe tata, baba wa watu, gulio hili si karamu ya mjomba wako."

"Mama, waitu, nataka kununua. Lakini nitanunuaje nisichokijua?"

"Basi nenda ukaoe kwa namna hiyo hiyo. Onja nyumba saba, uone utakavyopigwa!"

Watu walicheka, na Datius alicheka kuliko wote. Mujuni, aliyekuwa amesimama kando na mkungu wake wa ndizi, alicheka kwa ndani, maana kucheka mbele za watu kulimpa taabu. Datius akaliona cheko hilo lililofichwa. Alikuja moja kwa moja, akamwekea mkono begani kana kwamba walichunga mbuzi pamoja utotoni, akasema, "Nawe unanicheka, ndugu yangu?" Alipoutoa mkono, alama za vidole vitano vya mafuta zilibaki kwenye shati jeupe la Mujuni, shati lake pekee la kanisani. Lilifuliwa miaka mingi, likasuguliwa kwa majivu na kwa sabuni ya kipande, na vidole vile havikutoka.

Mujuni alikuwa na miaka ishirini na saba. Aliishi peke yake katika kibanja alichorithi, mwendo wa saa moja kutoka Nshamba: migomba, kahawa chini ya migomba, na kaburi la baba yake nyuma ya nyumba ya msonge. Alikuwa amesoma madarasa manne. Katika darasa la nne aliwapita wenzake kwa mwandiko, mchungaji akamzawadia kalamu ya wino, na kalamu hiyo haikukosekana kwenye mfuko wa shati lake. Jirani akitaka barua, alikwenda kwa Mujuni. Kuandika alijua. Kusema ndiko kulikomshinda. Alikuwa akipanga neno moyoni tangu asubuhi, na likifika midomoni linarudi.

Kwa mtu kama huyo, Datius alikuwa kama mvua. Alikuja bila kuitwa, akakaa bila kukaribishwa, akala kilichokuwapo na kusema maneno ya wawili. Alikuwa na kibanja chake pale Nshamba, lakini aliyekipalilia ni mama yake, bibi Kokuhirwa. Yeye alipalilia watu.

Mujuni alipompenda Theopista, binti wa mzee Rwegasira wa Izimbya, alikaa na mapenzi hayo miezi kadhaa kama mtu aliyemeza mfupa. Datius ndiye aliyeutoa. "Mimi nitakuwa mshenga wako," alisema, na kweli akaenda Izimbya, akakaa na wazee siku mbili, akanywa rubisi yao, akamsifu Mujuni mpaka mzee Rwegasira akauliza kwa nini mtu mwema hivyo hajachaguliwa kuwa chifu. Mahari ikapunguzwa. Arusi ikafungwa kanisani mwaka 1951. Hilo Mujuni hakulisahau hata baadaye, na ndilo lililomfanya achukie zaidi. Mtu angekuwa mwovu tangu mwanzo hadi mwisho, ingekuwa rahisi kumtema.

Baada ya arusi Datius alitaka wafanye mukago, undugu wa damu. Mujuni alisita, kwa kuwa kanisa lilikataza, na yeye alimheshimu mchungaji. "Mchungaji atajuaje? Atakuona tumboni?" Datius akacheka. Wakakaa chini ya kahawa, nyuma ya nyumba. Datius alilipasua tunda moja lenye punje mbili, maana punje hizo ni ndugu waliolala kitanda kimoja. Kila mmoja akajichanja kidogo karibu na kitovu, akapaka punje damu yake, akamlisha mwenzake. Mnywani wako, yaani ndugu yako wa mukago, hawezi kukuficha kitu, nawe huwezi kumnyima. Ukimnyima, tumbo litavimba. Ndivyo wazee walivyosema.

Mujuni alimeza haraka. Punje ilikwama kooni, ya moto na ya chumvi, na alipoikohoa ikarudi na ladha ya chuma. Alilazimika kuimeza mara ya pili. Datius alitafuna ya kwake taratibu, kama senene.

Mwaka 1953 bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na watu walijenga nyumba za bati. Bukoba mjini, upande wa Bilele, palikuwa na ofisi ndogo iliyokopesha wakulima. Haikuwa benki kamili, lakini kila mtu aliiita benki. Datius alikuja nyumbani kwa Mujuni jioni, akakaa kwenye nyasi za mlangoni, akasema anataka kununua mashine ya kukobolea kahawa, aiweke Nshamba, watu waache kutwanga kwa mchi kama bibi zao.

"Wanataka mtu mwenye kibanja safi aje aseme ananifahamu," alisema.

"Aseme tu?" Mujuni aliuliza.

"Mnywani wangu! Mimi nilipokwenda Izimbya nilifanya nini? Nilisema. Sasa fikiri: benki ni binti. Mimi ni mchumba. Wewe ni mshenga. Mshenga analipa mahari?"

"Halipi."

"Mshenga analala na bibi arusi?"

Theopista, aliyekuwa akimenya ndizi ndani, aliweka kisu chini. "Mshenga hula kuku," alisema, "na kuku mwenyewe simwoni hapa."

"Kuku atakuja, shemeji! Mashine ikinguruma, kuku watakimbilia hapa wenyewe."

Walikwenda Bukoba kwa lori la kahawa. Karani wa ofisi ile, kijana mstaarabu aliyeitwa Buberwa, alisoma karatasi kwa Kiingereza, kisha akamtazama Mujuni. "Mzee, unaelewa maana ya mdhamini?"

Mujuni alikuwa na swali. Alikuwa amelipanga tangu Muleba: kama mchumba akifa, mshenga anafanyaje? Lakini chumba kilikuwa na watu sita, na Mzungu alikuwa akipita mlangoni, na swali likarudi chini.

"Anaelewa," Datius akajibu badala yake. "Huyu ni mshenga wangu."

Wote walicheka, hata Buberwa. Mujuni akacheka kidogo pia, ili asionekane mjinga. Akatoa kalamu yake, akaandika jina lake kwa mwandiko ule wa darasa la nne, herufi zimelala upande mmoja kama mtama kwenye upepo. Buberwa akausifu. Datius akaichukua kalamu ili atie sahihi yake, akaitia, akaifunga kifuniko, akaichomeka kwenye mfuko wa shati lake. Mujuni aliiona ikiingia. Njia nzima ya kurudi, kutoka Bukoba mpaka Nshamba, aliitazama ikitikisika kifuani mwa mtu mwingine, na hakuweza kusema, "Nipe kalamu yangu."

Shilingi elfu moja na mia sita zilitoka. Datius alisimamisha nguzo nne pale Nshamba na kuzikata vichwa sawasawa kwa ajili ya bati. Wiki mbili baadaye alipanda meli Bukoba, akaenda Uganda. Aliwaambia watu anakwenda kuichagua mashine kwa macho yake.

Nguzo zilikaa. Mbuzi walijikuna kwenye nguzo. Mvua ya masika ikaja, mbili zikaota majani.

Barua ilifika mwezi wa saba mwaka 1954. Mujuni aliisoma mara tatu chini ya migomba, kisha akaenda Bukoba bila kumweleza mkewe. Buberwa alimpokea kwa heshima, akafunga mlango.

"Mzee Mujuni, mwenzako hajalipa hata senti. Tulikwenda kushika kahawa yake. Tumekuta ameiuza butura."

Butura ni kuuza kahawa ingali ua. Datius alikuwa amemwuzia mfanyabiashara mmoja mavuno ya misimu mitatu, akachukua fedha yote mkononi, hata kabla hajaenda benki. Mama yake alikuwa akipalilia na kuchuma kahawa ya mtu mwingine bila kujua.

"Lakini mimi nilikuwa mshenga tu," Mujuni akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza refu katika ofisi ile.

Buberwa hakucheka safari hii. "Hapa, mzee, mchumba akikimbia, mshenga ndiye anayeoa."

Akamweleza polepole. Alikuwa na misimu minne ya kulipa, pamoja na riba. Akishindwa, kibanja chake kitatajwa kwenye baraza la gomborora, baraza la utawala wa eneo lao, na kuuzwa, migomba, kahawa, nyumba, na kila kilichomo.

"Na kaburi la baba?"

Buberwa akatazama karatasi. "Karatasi haisemi kitu juu ya kaburi," alisema.

Nyumbani Mujuni hakuweza kuificha. Theopista alisikiliza mpaka mwisho, amejishika kiuno. Halafu akasema, "Ulimmeza mwenyewe, chini ya kahawa. Ulifikiri sijui? Sasa mtapike." Akaenda kwenye sanduku, akatoa fedha ya mayai na mikeka, akamhesabia nauli ya meli.

Kampala ilimchosha Mujuni kabla hajashuka garini. Aliuliza mtaa mzima wa Katwe habari za Datius Rugaibula, na hakuna aliyemjua. Siku ya tatu Mhaya mmoja fundi viatu akamwambia, "Rugaibula hayupo. Lakini kama unamtaka mtu mwenye kucheka sana na asiyelipa viatu, nenda kwenye ile hoteli ya samaki. Huko anaitwa Semanda." Mtu alikuwa amevuka ziwa akajitafutia jina la Kiganda, na ukoo pia, na babu aliyezaliwa Masaka.

Hoteli ilinuka samaki wa juzi na mafuta ya nywele. Datius alikuwa amenenepa. Alipomwona Mujuni mlangoni alifungua mikono yote miwili na kuwageukia wateja wake. "Tazameni! Huyu ni mtu wa kwetu. Alikuwa akinifanyia kazi shambani."

Wateja wakamsalimu Mujuni kama mtu anavyomsalimu kibarua wa mwenzake. Naye, Mungu amsamehe, akaitikia.

Akawekewa ndizi na kichwa cha samaki. Datius akakaa mbele yake, akachokonoa shavu la samaki yule kwa kidole chake mwenyewe, akala.

"Datius, watauza kibanja."

"Semanda," Datius akamrekebisha kwa sauti ya chini.

"Watauza kibanja cha baba yangu. Lipa hata nusu. Au andika barua, useme deni ni lako, wachukue cha kwako."

"Cha kwangu yumo mama! Unataka mama yangu alale barabarani? Wewe mtu wa kanisa?" Alitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilimpendeza usoni. "Nisikilize, mnywani wangu. Deni halijui kuogelea. Mimi nimevuka, lenyewe limebaki ng'ambo. Na wewe usikubali kukaa nalo ufukweni. Vuka pia."

"Na Theopista? Na watoto?"

"Uganda ina wanawake," Datius akasema, akacheka, akalamba kidole.

Mujuni alikuwa amelipanga neno zito tangu Bukoba, siku nzima juu ya maji. Alilitafuta, likapanda, likaishia njiani. Alitoka nje, akatapika kando ya mfereji, mbele ya watoto waliomwonyesha kwa vidole. Datius alimfuata, akampigapiga mgongoni kwa upole, akamtilia shilingi kumi mfukoni kwa ajili ya watoto wa nyumbani. Kisha akakumbuka, akaingiza tena vidole vyake mfukoni mwa Mujuni, akatoa mbili. "Za samaki," alisema.

Basi wakalipa. Hakuna cha kusimulia kirefu katika kulipa, ni kuinama na kuinuka. Misimu minne kahawa yote ya Mujuni ilipita mikononi mwao kwenda Bilele. Bati walilokuwa wameliwazia halikuja, wakaezeka msonge upya kwa nyasi. Theopista alisuka mikeka mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama pembe. Senene walipokuja, watoto waliwakamata na kuwachambua, mama akawakaanga, na wote wakauzwa gulioni. Mtoto wa pili alikutwa akinusa kikapu kitupu. Mujuni aligeuka, akaenda kusimama kwenye kaburi la baba yake mpaka giza likaingia.

Jambo moja lilimshangaza mwenyewe. Bibi Kokuhirwa, mama yake Datius, alizeeka vibaya, na kahawa yake ikachumwa na vibarua wa mfanyabiashara mbele ya macho yake. Mujuni alikuwa akimpelekea ndizi kila baada ya wiki mbili. Hakufanya hivyo kwa upendo. Njia nzima alikuwa akimlaani mwanawe. Lakini bibi alipomwuliza, "Mwanangu ameandika?" alijibu, "Ameandika, mama. Anakusalimu." Uongo huo pia aliudai kwa Datius, pamoja na mengine.

Mwaka 1957, mwezi wa tisa, aliweka fungu la mwisho mezani pa Buberwa. Karani alipiga muhuri, akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee Mujuni, tangu nifanye kazi hapa sijaona. Jina lako ni safi. Leo ukitaka kukopa, wewe au mtu wako, huulizwi swali." Mujuni aliitikia kwa kichwa. Alikunja stakabadhi mara nne, akaiweka katika mfuko wa shati, mahali palipokuwa na kalamu.

Mwaka uliofuata bibi Kokuhirwa alifariki. Mujuni ndiye aliyechimba kaburi pamoja na majirani, na ndiye aliyetuma salamu Kampala. Datius alifika siku ya nne, amevaa suti ya kijivu, na alilia kwa sauti kubwa kiasi kwamba wanawake walionyamaza walianza upya. Alijitupa juu ya udongo uliochimbwa na mtu mwingine. Alipoinuka, alipangusa magoti kwanza, machozi baadaye.

Jioni wanaume walikaa uani. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa, kama ilivyo desturi msibani, na kila mtu akachukua punje. Tangu siku ile ya mukago Mujuni alikuwa hawezi kutafuna kahawa. Alikuwa akipokea, akiificha shavuni, akiitoa kwa siri. Alikuwa ameificha hivyo hivyo Datius alipokuja kukaa karibu yake na kumwekea mkono begani, palepale pa siku zote.

"Mnywani wangu. Nimesikia uliyomfanyia mama. Mungu anayaona."

Mujuni akangoja. Alifikiri, hata kwa mambo yote hayo alifikiri, kwamba sasa mtu huyu ataomba radhi. Ingetosha. Hakuwa akidai tena fedha. Alitaka asikie neno moja.

"Nimepita pale Bilele leo asubuhi," Datius akaendelea kwa sauti ya chini. "Buberwa ananiambia jina lako linang'aa! Hakuna jina kama lako Muleba nzima. Nikamwambia, huyo ni ndugu yangu wa damu, mimi ndiye niliyemleta hapa mara ya kwanza." Akatoa karatasi ndani ya koti, akaikunjua juu ya goti lake. "Ile mashine, Mujuni. Nguzo mbili bado ziko imara, nimezitazama. Safari hii ni kweli. Wanachotaka ni mshenga tu."

Wanaume wa karibu waliacha kuzungumza. Kokugonza, yule mama wa senene, aliyekuwa akipita na kibuyu, alisimama. Wote walijua. Walimtazama Mujuni, wakingoja aseme.

Neno lilipanda kama lilivyopanda Katwe, na kama zamani likaishia kooni, lakini safari hii liliikuta punje ya kahawa. Mujuni aliisogeza kwa ulimi mpaka mbele ya meno, akainama, akaitema. Ilianguka juu ya kiatu cha Datius, kiatu cheusi kilichopakwa dawa, ikabaki hapo na mate yake. Kuitema kahawa ya msibani mbele ya mwenye msiba, kwa Mhaya, ni zaidi ya kumpiga kofi. Mzee mmoja akasema, "Eee!"

Mujuni alisimama ili aondoke. Hawakuonana tena baada ya jioni ile. Datius alirudi Uganda wiki hiyo hiyo, na miaka miwili baadaye alizikwa huko, chini ya jina la Semanda. Lakini pale uani Datius hakuona haya wala hakukasirika. Aliitazama punje iliyokuwa juu ya kiatu chake, akaipangusa kwa pembe ya kanga ya jirani iliyoanikwa kwenye ua, akakunjua tena karatasi iliyokuwa imejikunja, akainua uso uleule wa gulio la Nshamba.

"Sawa, nimekuelewa," alisema. "Kalamu unayo?"